Siku Mama Mkwe Aliponishikia Ngazi

Mimi ni mtoto wa Beni, na nilioa Butembo. Mtu asiyejua miji hiyo miwili ataona hakuna tofauti, maana ni mwendo wa gari wa asubuhi moja tu. Lakini Beni iko chini, kuna joto, na ardhi yake imelala. Butembo imekaa juu ya vilima, kuna baridi, na ukidondosha chungwa mlangoni pa mtu, unalifuata mpaka kwa jirani wa tatu. Nilipopeleka habari nyumbani kwamba nimepata mchumba wa Butembo, kaka yangu alisema, "Utajifunza kutembea upya." Alikuwa akitania, lakini alikosea kidogo tu. Kilichonibidi kujifunza upya ni kupanda ngazi.

Kazi yangu ni ualimu. Wakati ule nilikuwa na darasa la tano, na kazi za mikono nilizijua kama walimu wanavyozijua: kupigilia ubao uliolegea, kubadilisha taa, kupaka chokaa darasa wakati mkaguzi anakaribia kufika. Ngazi nilikuwa nimeipanda mara nyingi. Beni unaiegemeza ukutani, unapanda, unafanya kazi yako, unashuka. Sikuwahi kufikiri kwamba ngazi ina miguu miwili na kwamba kila mguu una shida zake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, likizo ya Pasaka, mke wangu alinipeleka kwao tukae juma moja. Baba yake alikuwa amefariki zamani kidogo. Alikuwa mwashi, na nyumba ile aliijenga mwenyewe. Mama mkwe alibaki humo peke yake, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono mipana. Alikuwa na shamba la viazi na vitunguu upande wa pili wa bonde, na kila alfajiri alivuka kulilima.

Lazima niseme jambo moja, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mkono, hawatazamani machoni, na hawakai sehemu moja kama hakuna shughuli. Katika siku tatu za kwanza mimi na yeye tulikuwa tumesemezana maneno kama kumi, na sita kati ya hayo yalikuwa salamu. Akitaka kujua kama nimeshiba, alimuuliza mke wangu. Nikitaka kusema chakula kilikuwa kitamu, nilimwambia mke wangu, na yeye mama, akiwa hatua mbili tu kutoka hapo, alisubiri mpaka maneno yazunguke na kumfikia.

Siku ya nne niliona mfereji wa maji umening'inia ubavuni mwa nyumba. Ni ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa na kuyapeleka kwenye tangi, kule tunauita gutiere. Upepo ulikuwa umeung'oa upande mmoja. Butembo mvua hainyeshi kwa kubahatisha, na kila ikinyesha maji yalimwagika nje ya tangi, yakachimba udongo, na mama mkwe akaenda kuteka kisimani chini ya kilima na dumu mgongoni. Nikamsikia akimwambia binti yake kwamba Jumatatu ataita fundi.

Nikamvuta mke wangu pembeni. "Mwambie asiite mutu. Miye nitafanya."

"Weye?" Akaniangalia toka viatu mpaka kichwa. "Umeona fasi yenyewe vile iko?"

"Ngazi ni ngazi."

"Haya," akasema, na akaenda sokoni. Sasa najua kwamba "haya" ya mwanamke wa Butembo ina maana nyingi, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ruhusa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua zuri. Ngazi ilikuwa nyuma ya jiko, ngazi ya miti ya mkalitusi, nzito, iliyotengenezwa na marehemu. Nikaibeba mpaka ubavuni mwa nyumba, nikaiegemeza, na papo hapo nikaelewa kwa nini mke wangu alinitazama vile. Ardhi pale inashuka kufuata ukuta, toka kulia kwenda kushoto. Mguu wa kulia wa ngazi ulikanyaga vizuri. Mguu wa kushoto ulikuwa hewani, umebaki kiasi cha shubiri nzima kufika chini.

Nikafanya anachofanya kila mtu mwenye akili ya haraka. Nikatafuta matofali. Moja halikutosha. La pili halikutosha. Nikaongeza nusu tofali juu yake, na ngazi ikasimama. Nikaitikisa kwa mkono mmoja. Ilicheza kidogo, lakini nilijiambia hata mtu mzima hucheza kidogo akisimama.

Ng'ambo ya ua wa majani aliishi jirani mmoja, mtumishi wa serikali wa kupima viwanja, aliyeletwa kikazi kutoka mkoa wa Équateur na kukaa Butembo miaka mingi bila kuzoea baridi. Alikuwa amesimama na koti juu ya pijama, mswaki mdomoni, ananitazama.

"Mwalimu! Mbote!" akapaza sauti kwa salamu ya kwao. "Ngazi yako iko na angle mubaya. Imesimama sana. Itakurudisha nyuma na mugongo."

"Nifanye aje, papa?"

"Weka vidole vya muguu pa miguu ya ngazi. Nyoosha mikono mbele. Kama viganja vinafika pa kijiti cha kupandia muzuri, bila kuinama, angle iko bon. Kama hapana, sogeza."

Nikajaribu. Viganja vyangu vilifika mapema mno, maana ngazi ilikuwa imeshikana sana na ukuta. Nikaivuta miguu yake nje kidogo, nikapanga upya matofali yangu, nikajaribu tena, na mikono ikafika vizuri kabisa. Jirani akainua mswaki wake hewani kama mtu anayetoa alama kumi kwa kumi, kisha akaingia ndani. Ushauri wake ulikuwa wa kweli, na mpaka leo naufuata. Ubaya ni kwamba ulinijaza moyo kupita kiasi. Nilijiona nimemaliza elimu ya ngazi, kumbe nilikuwa nimemaliza nusu.

Nikapanda na nyundo kiunoni na misumari mdomoni. Vijiti vinne, vitano, vya juu kabisa. Nikapigilia msumari wa kwanza. Nikapigilia wa pili. Kwa wa tatu ilinibidi kunyoosha mkono upande wa kushoto, na uzito wangu wote ukahamia huko pamoja nami. Chini yangu nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayevunja biskuti. Lilikuwa lile nusu tofali.

Ngazi haikuanguka kwa kishindo. Iliinama polepole, kwa adabu, ikanitoka miguuni na kulala juu ya maua ya mama mkwe. Mimi nilibaki nimeshika ubao wa ukingo wa paa kwa mikono miwili, miguu inaning'inia, na misumari yote nimeitema. Kiganja cha kulia kilikuwa kimepita kwenye ncha ya manjanja, yale mabati ya paa, na nilihisi joto la damu likishuka mkononi.

Chini hapakuwa mbali sana, lakini mteremko ulikuwa unangoja, na nyuma ya mteremko kulikuwa na mtaro wa mawe. Kuruka sikuthubutu. Nilitaka kuita mtu, halafu nikakumbuka ni nani pekee aliyekuwa nyumbani. Mkwe anamwitaje mama mkwe wake toka juu ya paa? Hakuna aliyenifundisha. Nikatafuta neno la heshima, na neno lililokuja lilikuwa moja tu.

"Hodi!" nikasema.

"Karibu!" ikajibu sauti ya mama mkwe toka jikoni. "Mulango iko wazi."

"Hapana, mama. Pardon. Niko huku juu."

Kisha nikasikia ndara zake zikija mbio kuzunguka nyumba.

"Yezu Maria! Mukwe, uko nafanya nini pale?"

"Niko natengeneza gutiere, mama."

Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alikuwa na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Akaiokota ile ngazi nzito kama mtu anayeokota ufagio, akaisimamisha, akaweka bega lake chini ya upande ulioning'inia na kukaza magoti.

"Sikia miye," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia toka kwake. "Hapana achilia mikono. Hapana angalia chini. Shusha muguu ya kuume. Kiloko, kidogo tu. Kiloko tena. Njo hapo! Umesikia kijiti?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa ya kushoto. Kuya polepole. Niko naishika, haiende fasi."

Nikashuka kijiti kwa kijiti, nikiwa juu ya bega la mama mkwe, ambaye desturi ilinikataza hata kumgusa kidole. Nilipokanyaga udongo, wote wawili tuliruka nyuma kila mtu upande wake, na kila mmoja akatazama kitu kingine. Mimi nilitazama tofali. Yeye pia alitazama tofali.

"Nani alikufundisha kuweka matofali chini ya ngazi?"

"Hakuna, mama. Nilijifikiria."

"Mwalimu," akasema. Neno hilo tu.

Akanifunga kiganja kwa kitambaa alichokitoa kichwani, haraka, akiangalia pembeni wakati wote. Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwamba fundi wa Jumatatu ataitwa. Lakini mama alikuwa anatazama ardhi. Akaenda, akarudi na jembe, akanipa nilishike kwa mkono wa kushoto.

"Huku kwetu hatupandishe muguu ya chini, mukwe. Tunashusha muguu ya juu. Tofali inavunjika, jiwe inateleza. Lakini shimo yenye umekata mu udongo, itaenda wapi?"

Nikaangalia kilima cha ng'ambo. Nyumba zote, mamia ya nyumba, kila moja ilikuwa imekatiwa kiti chake ubavuni mwa mlima. Hakuna hata moja iliyokuwa imesimama juu ya rundo la matofali. Nilikuwa nimeitazama Butembo miezi mingi na sikuwa nimeliona jambo hilo.

Nikachimba pale ambapo mguu wa kulia ungekaa. Ardhi ya juu ilikuwa laini, akanizuia nisiishie hapo. "Fika pa udongo mugumu. Ile nyekundu." Nilipoufikia, akaniambia nilisawazishe shimo, kisha akaleta ubao mpana tukaulaza upite chini ya miguu yote miwili. Halafu akaingia jikoni, akatoka na sahani ya bati yenye maji kidogo ndani yake. Akaiweka katikati ya ubao.

"Sahani iko nasema nini?"

Nikainama. Maji yalikuwa yamekusanyika upande mmoja. "Maji iko naenda kushoto, mama."

"Donc, kuume iko juu bado. Chimba."

Nikachimba tena. Mara ya tatu maji yalitulia katikati ya sahani, duara safi. Aliyatazama kwa muda, akaridhika, akayamwagia maua yake, yale yaliyolaliwa na ngazi. Tukasimamisha ngazi juu ya ubao, tukapima mwelekeo kwa vidole na viganja kama jirani alivyosema, na mama akapigilia vigingi viwili nyuma ya miguu ili isiteleze kutoka ukutani. Jirani mwenyewe alikuwa ametoka tena, safari hii amevaa suruali, na akaturushia kamba ndefu juu ya ua.

"Na kule juu?" akauliza. "Mutafunga na nini? Ngazi inashikwa chini na juu, mama!"

"Wasingya," mama akamshukuru, akaiokota kamba.

Nikasogea nipande. Mama akanyoosha jembe mbele yangu kama kizuizi cha barabarani.

"Mukono yako iko na damu. Niko napanda miye."

"Mama, hapana! Batu watasema nini?"

"Watasema mama amepanda." Akaingia nyumbani. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya kazi ya marehemu mumewe, imekunjwa mara tatu chini, na kikwembe kimefungwa juu yake kwa adabu. Ndara alizivua. Akaniambia niweke mguu mmoja kwenye kijiti cha kwanza, nishike nguzo zote mbili, na uzito wangu niuelekeze ukutani.

"Na hapana kuangalia juu."

"Ndiyo, mama."

"Angalia udongo."

"Niko naangalia, mama."

Akapanda. Nilikuwa nimeshika ngazi na pua yangu imekaribia ukuta, macho kwenye vidole vyangu vya miguu. Nilisikia kamba ikizungushwa, kisha nyundo. Alipiga kwa mpigo wa mtu aliyeshika nyundo maisha yake yote. Na baada ya misumari kama mitatu, mama mkwe, ambaye mpaka asubuhi ile hakuwa ameniuliza neno lolote moja kwa moja toka nilipomposa binti yake, akaanza kunisemeza.

Aliniuliza darasani nina batoto bangapi. Aliniuliza kama ni kweli Beni mtu analala bila blanketi. Aliniuliza kama binti yake bado anaunguza maharagi akisoma. Nikajibu yote nikiutazama udongo. Mimi nikamuuliza alijifunzia wapi mambo haya.

"Hapa hapa," akasema. "Wakati tulikuwa tunajenga, hatukuwa na uwezo wa kuweka musaidizi. Bwana yangu alikuwa juu, miye chini, pale pale weye uko. Nilikuwa na mimba ya bibi yako, huyu mutoto wangu. Siku moja niliacha ngazi ju ya kufukuza mbuzi mu mihogo. Niliporudi, bwana yangu alikuwa ananing'inia pa ubao, sawa weye."

"Alisema hodi?"

Nyundo ikasimama. Kisha nikahisi ngazi inatetemeka mikononi mwangu. Nikaogopa, nikaikaza kwa nguvu zote, nikadhani kigingi kimeng'oka. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka jirani naye akacheka ng'ambo ya ua bila kujua sababu.

"Hapana," akasema alipoweza kusema. "Yeye alisema maneno ingine. Hatuwezi kusema maneno ile mu Juma ya Pasaka."

Akaendelea na kazi, na kwa sauti ya chini akaniambia kwamba miezi ile ya ujenzi alizoea kumjua mumewe kupitia ngazi. Mume akichoka, ngazi ilimwambia. Akiwa na hasira, ngazi ilimwambia. Akishuka kwa furaha kwa sababu kazi ya siku imeisha vizuri, mama alijua kabla hajamwona uso. Nilishika tu zile nguzo mbili, na nikahisi jinsi alivyokuwa anahama toka mguu mmoja kwenda mwingine, mwepesi, bila haraka.

Hivyo ndivyo mke wangu alivyotukuta. Alirudi toka sokoni na kikapu cha samaki, pamoja na rafiki zake wawili wa utotoni, na wote watatu walisimama penye kona ya nyumba. Mama alikuwa juu na suruali ya baba. Mimi, mumewe, nilikuwa natazama ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Damu ilikuwa kwenye kitambaa.

"Mama! Uko nafanya nini kule?"

"Niko nasemeza mukwe," mama akajibu, na akapigilia msumari wa mwisho.

Mmoja wa wale rafiki alitoa simu na kupiga picha kabla ya mtu yeyote kukataa. Picha hiyo ilizunguka Butembo nzima kabla ya jua kuzama. Ilimfikia kaka yangu Beni jioni ile ile, naye akaniandikia swali moja tu: yule aliyeficha uso ukutani ni nani?

Mvua ilikuja Jumapili baada ya misa, mvua ya kweli ya mlimani. Sote tulikimbilia ubavuni mwa nyumba, jirani akiwa na mwavuli. Maji yalishuka paani, yakaingia kwenye mfereji, yakakimbia moja kwa moja mpaka kwenye tangi na kulipiga kama ngoma. Yalivuja mahali pamoja tu. Mama mkwe alipatazama, akahesabu misumari toka pembeni, akamgeukia mke wangu.

"Mwambie bwana yako ile mbili ya kwanza ni ya kwake."

Ujumbe ukazunguka, ukanifikia.

Mkono hatujashikana mpaka leo. Salamu zetu bado ni za mbali, kila mtu na upande wake. Lakini kwenye simu desturi haijasema lolote, na mama mkwe ameligundua hilo. Ananipigia mimi kwanza, ndipo mke wangu. Tunaongea habari za viazi, za mapadri wapya, za jirani anayestaafu na ambaye, kumbe, amenunua kiwanja Butembo na hataki tena kurudi kwao.

Krismasi iliyopita mama mkwe alishuka Beni kututembelea, mara yake ya kwanza. Alifika amevaa sweta mbili na akavua moja kituoni hapo hapo. Tunakaa mtaa wa Ruwenzori, na nyuma ya nyumba tuna miti michache ya kakao. Nilipasua tunda moja bivu, nikaliweka kwenye sahani, na mke wangu akampelekea. Mama hakuwahi kuona kakao mbichi. Alidhani inazaliwa ikiwa chungu na kavu, vile inavyopakiwa kwenye magari ya kwenda mpakani Kasindi. Alichukua mbegu moja yenye ule ute mweupe, akaitazama kwa mashaka, akaitia mdomoni. Akainyonya taratibu. Kisha akavua sweta ya pili, akajisogeza penye kivuli, na kumwambia binti yake aniambie nipasue lingine.